Mkuki kwa nguruwe: namna ya kupima undumilakuwili wa vyama pale spika anapochaguliwa

Kila bunge likikaribia kuchagua spika, iwe hapa Kampala au kwenye bunge la jimbo lolote kule Marekani, pita tu stegi ya boda utasikia neno msaliti linarushwa kushoto kulia. Mbunge akihama upande wenu kwa kura moja ni msaliti, kanunuliwa, hana shukrani, lakini akitoka kwao akaja kwenu, eeh huyo ni mtu wa msimamo, kaweka nchi mbele ya chama. Kitendo ni kilekile jamani! Sasa kama na wewe unapenda kubishana siasa na umechoka kubishana na watu wanaobadilika kila wiki, fanya hivi.

Kwanza, kabla hujauliza nani kafaidika, mbane mtu akupe kanuni yake kwa sentensi moja, ikiwezekana aiandike kwenye grupu la WhatsApp ibaki pale. Mfano: "mbunge lazima ampigie mgombea wa chama chake." Au: "mbunge ana haki ya kumpigia anayemwona anafaa." Zote mbili zinaweza kutetewa, mimi sina shida na yoyote. Shida ni yule anayekataa kuandika, anasema "inategemea". Ukimuuliza inategemea nini, mara nyingi inategemea rangi ya shati.

Pili, na hapa ndo kazi yenyewe ilipo, tafuta kisa pacha. Kisa pacha ni tukio la bunge lilelile, miaka inayokaribiana, kitendo kilekile ila vyama vimebadilishana nafasi. Usilinganishe Uganda na Marekani moja kwa moja, sheria ni tofauti mtu atakuponyoka hapohapo. Pacha mzuri kuliko wote ninaoujua ni wa jimbo la Tennessee.

Januari 2007, seneti ya Tennessee, viti 33. Spika alikuwa mzee John Wilder, Mdemocrat, alikuwa amekalia kile kiti tangu 1971, na kule spika wa seneti ndo naibu gavana pia kwa hiyo si cheo cha kuchezea. Seneta Rosalind Kurita, Mdemocrat mwenzake, akampigia kura Mrepublican Ron Ramsey, na Ramsey akashinda 18 kwa 15. Warepublican wakafurahi, Kurita akapewa cheo kikubwa cha kuongoza vikao spika asipokuwepo. Wademocrat kwao huyo alikuwa amewachoma kisu.

Halafu Januari 2009, safari hii baraza la wawakilishi la jimbo hilohilo, viti 99. Warepublican wamepata 50, Wademocrat 49, yaani kwa kiti kimoja tu Warepublican wanajua spika ni kiongozi wao Jason Mumpower na suti ilishapigwa pasi. Kumbe Mrepublican mmoja, Kent Williams, amekubaliana na Wademocrat wote 49. Wakampigia yeye, naye akajipigia, 50 kwa 49, Williams spika. Chama cha Republican cha jimbo kikamvua uanachama mwezi uliofuata. Na Wademocrat, walewale waliokuwa bado wana hasira na Kurita? Walikuwa ndo wapiga kura wake wote ukitoa kura yake mwenyewe.

Ukishapata pacha wa namna hii chora mistari miwili kwenye karatasi. Mstari wa kwanza, chama hiki kilisema nini 2007 na kikafanya nini 2009. Wa pili, kile kingine. Kama mistari yote miwili imegeuka kama chapati, basi hakuna upande uliokuwa unatetea kanuni, walikuwa wanatetea kiti.

Ila polepole, hatua ya tatu ni kuuliza kama kuna tofauti ya kweli, manake wengine wakishajifunza neno undumilakuwili wanalibandika kila mahali. Williams alikuwa ametia saini ahadi ya kumuunga mkono mgombea wa chama chake. Kuvunja ahadi uliyoandika ni kosa la peke yake, hata kama unaamini mbunge yuko huru, kwa hiyo Mrepublican aliyekasirikia hiyo saini tu ana hoja na usimweke kapu moja na anayepiga kelele za usaliti huku 2007 alishangilia. Swali la kumuuliza ni moja: je Kurita angekuwa ametia saini kama hiyo kwa chama chake, ungemwambia arudi akampigie mgombea wao?

Nne, angalia adhabu, sio maneno. Maneno ni ya bure. Kurita alishinda kura ya mchujo ya chama chake mwaka 2008 kwa kura 19, kidogo sana lakini ushindi ni ushindi, halafu wakubwa wa chama wakaufuta wakisema matokeo hayaaminiki, na aliyeshindwa, Tim Barnes, ndo akapewa tiketi. Kurita akaenda mahakamani akashindwa, akajaribu wapiga kura waandike jina lake kwa mkono, akashindwa pia. Williams yeye chama kilimnyang'anya kadi lakini watu wa kwao wakamrudisha bungeni 2010 akiwa mgombea huru. Kwangu mimi adhabu ya Kurita ni nzito zaidi kwa sababu ilipita juu ya vichwa vya wapiga kura, na hapo Wademocrat wa Tennessee wanadaiwa maelezo kuliko wenzao. Unaweza kukataa, ila kataa ukiwa umepima.

Sasa tuje nyumbani. Tarehe 24 Mei 2021 pale Kololo, kamati kuu ya NRM, chama tawala, ilikuwa imempitisha Jacob Oulanyah agombee uspika, Rebecca Kadaga aliyekuwa spika na ni wa chama hichohicho akakataa akasimama mwenyewe, Ssemujju Nganda akasimama kwa FDC, chama cha upinzani. Matokeo 310, 197, 15. Kura yetu ni ya siri, kwa hiyo kipimo cha Tennessee hakifanyi kazi sawasawa, huwezi kujua fulani alimpigia nani na yeyote anayekwambia anajua anakuuzia hewa. Unachoweza kujua ni hesabu: NUP, chama kikubwa cha upinzani, walikuwa na wabunge 57, hao hawafiki hata theluthi moja ya 197, kwa hiyo kura za Kadaga zilitoka pande nyingi. Na kwenye adhabu, mwezi uliofuata Kadaga alitajwa kuwa Naibu wa Kwanza wa Waziri Mkuu. Linganisha na mbunge mdogo asiye na jina anayekaidi chama, anafanywaje? Hapo ndo utaona hata ndani ya chama kimoja kuna mizani mbili.

Hapa kwetu basi unapima midomo tu. Rudi kwenye tweet na video za wiki ile, tafuta waliosema "uamuzi wa chama uheshimiwe", halafu tafuta walichosema walipokuwa wao ndo wamekatwa kwenye kura za mchujo za chama wakasimama kama huru. Utacheka.

Ukitaka mazoezi kabla hujaenda kubishana, chukua jimbo la Ohio, Marekani. Januari 2019 Mrepublican Larry Householder alichaguliwa spika 52 kwa 46, nusu ya kura zake Warepublican 26 na nusu Wademocrat 26 (huyo baadaye alifungwa miaka 20 kwa rushwa, lakini hiyo ni kesi nyingine). Januari 2023 wengi wa Republican walikuwa wameshamchagua Derek Merrin kwenye kikao chao, akaja Mrepublican mwenzao Jason Stephens akashinda 54 kwa 43, Warepublican 22 na Wademocrat 32. Kamati kuu ya chama ikawapa wale 22 karipio rasmi. Kazi yako: nenda ukatafute wale 26 wa 2019 walifanywa nini, na viongozi gani walikuwepo mara zote mbili.

Ukimaliza hiyo, jaribu kwa baraza la wilaya yako, manake na LC5, ndo hilo baraza la wilaya, wana spika wao wanayemchagua wenyewe kwa wenyewe na usaliti wa huko haurushwi kwenye TV. Anza na diwani uliyempigia wewe.