Kushona mkanda wa kwanza wa ngozi kwa mkono

Anayeanza kazi ya ngozi hukimbilia vifaa. Anaona seti ya vipande thelathini kwenye intaneti, bei nafuu, analipa. Ikifika, nusu yake ni mihuri ya kuchapa maua ambayo hataigusa mwaka mzima, na kisu kilichomo hakikati hata karatasi. Pesa hiyo ingenunua ngozi nzuri, na ngozi ndiyo inayoamua kama kazi itapendeza.

Anza na mkanda wa suruali. Pochi inaonekana ndogo na rahisi, lakini ina tabaka nyingi ambazo lazima zilingane hadi milimita. Mkanda ni mistari miwili iliyonyooka, kunjo moja na mshono mfupi, na bado unakufundisha kukata, kupunguza unene, kutoboa, kushona na kumalizia kingo.

Ngozi

Ulizia ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa magome, unene wa milimita 3.5 hadi 4. Magome yanayotumika sana ni ya miwati, mti unaopandwa kwa wingi Njombe. Ngozi nyingine unayoikuta madukani, hasa ya mikoba na sehemu za juu za viatu, imetengenezwa kwa kemikali ya kromi. Si mbaya, ila kwa mkanda inalegea, na kingo zake hazisuguliki zikang'aa.

Muuzaji akikuhakikishia kwa mdomo tu, omba kijipande cha ukubwa wa kidole ukakijaribu. Kitazame kwenye ukingo uliokatwa: ya magome ni ya kahawia au manjano hadi ndani, ya kromi mara nyingi ina rangi ya kijivu inayoelekea buluu katikati. Ukibaki na shaka, kitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Cha magome husinyaa, hujikunja na kuwa kigumu kama pembe. Cha kromi hutoka karibu kama kilivyoingia.

Kisha angalia kipande kilitoka sehemu gani ya mnyama. Mkanda hukatwa mgongoni, sambamba na uti. Ngozi ya tumbo ni laini na inavutika. Mkanda wake utarefuka na kupinda kama upinde baada ya wiki chache. Shingo ina mikunjo. Shika kipande ncha mbili, ukivute kwa nguvu: kikirefuka waziwazi, kirudishe. Kikunje uso (upande uliokuwa na manyoya) ukiwa ndani: ukiona makunyanzi makubwa yaliyoachana na nyama, hiyo ni tumbo au ubavu wa chini, hata kama imepakwa rangi ikapendeza.

Geuza pia upande wa nyama. Wachinjaji wengi huchuna kwa haraka, na kisu huacha mikato. Mkato wa milimita moja kwenye ngozi ya milimita 4 ndipo mkanda utakapokatikia. Kovu la kupe au mchubuko wa mwiba juu ya uso ni jambo la sura tu, unaweza kuishi nalo. Chapa ya moto usiitumie, maana pale ngozi imekakamaa na hupasuka ikikunjwa.

Ngozi huuzwa kwa futi mraba, lakini wauzaji wengi watakukatia ukanda. Sentimita 120 kwa 5 zinatosha mkanda mmoja na kitanzi chake. Chukua na vipande chakavu nusu kilo. Bila chakavu utafanyia mazoezi juu ya mkanda wenyewe.

Vifaa vinavyotosha

Kisu cha bleti pana za milimita 18, zile za kuvunja ncha. Rula ya chuma, ndefu uwezavyo. Fimbo bapa ya aluminiamu ya mita moja kutoka kwa fundi madirisha inafaa zaidi kuliko rula fupi inayosogezwasogezwa. Bikari ya shule ya chuma. Msharasi, yaani chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi. Sindano 2 butu. Uzi wa poliesta wa milimita 0.8 au 1, kipande cha nta ya nyuki, gundi ya viatu, na msasa namba 240, 400 na 600. Panchi mbili za kupigwa kwa nyundo, ya milimita 4 na ya 5. Ile panchi ya koleo yenye kichwa kinachozunguka iache: kwenye milimita 4 inakwama, mikono inauma, na tundu linatoka limepinda.

Panchi ipigwe kwa nyundo ya mbao au ya plastiki. Ya chuma hupasua kichwa cha panchi na kuufanya mkono uruke. Chini weka kibao cha plastiki cha kukatia mboga. Ukipigia kwenye saruji, mdomo wa panchi umekwisha siku hiyo hiyo.

Msharasi wa kushonea usiwe wa mviringo kama msumari. Ncha yenye pembe nne zilizobanwa hukata tundu jembamba linalojifunga juu ya uzi. Ya mviringo huacha tundu wazi. Fundi viatu hujitengenezea wa spoki ya baiskeli, na wewe unaweza: iponde ncha iwe bapa, inoe kwa tupa, malizia kwa msasa 400 na 600 mpaka ing'ae. Msharasi uliokwaruza ndio unaomfanya mtu asukume kwa nguvu, na akisukuma kwa nguvu anajichoma.

Jiriwa ya kushonea pia si lazima kununua. Mbao mbili za sentimita 60, zimefungwa chini kwa bawaba na kubandikwa ngozi laini midomoni, unazibana katikati ya mapaja. Mikono yote miwili inabaki huru, na kwa mshono huu hilo ni sharti.

Vipimo

Usipime kiuno kwa futi ya fundi cherehani, na namba ya suruali isahau. Chukua mkanda anaouvaa sasa. Pima kutoka pale ncha ya ulimi wa bizimu inapoegemea hadi kwenye tundu analolitumia. Tuseme ni sentimita 95. Toa urefu wa bizimu mpya, kutoka kwenye kijiti kinachoshika ngozi hadi ukingo wa mbele. Ikiwa ni 5, zinabaki 90. Huo ndio umbali kutoka kwenye kunjo hadi tundu la katikati. Ongeza 8 za kukunjia nyuma, 5 za kufika tundu la mwisho, na 10 za mkia. Jumla 113. Kata 115, utapunguza mwishoni. Wengi husahau kutoa urefu wa bizimu, kisha wanashangaa mkanda umezidi matundu mawili.

Upana ufuate bizimu. Bizimu ya milimita 38 inataka ngozi ya milimita 37.

Kukata

Rula ikae juu ya sehemu unayoitaka, si juu ya chakavu. Kisu kikiteleza, kinaharibu cha kutupwa. Kishike wima kabisa, maana kikilala kidogo ukingo unatoka mshazari na hakuna msasa utakaouficha. Usikate kwa mpito mmoja. Wa kwanza unachora njia kwa wepesi, wa pili na wa tatu unamaliza. Vunja ncha ya bleti kila baada ya mkanda mmoja; bleti butu huivuta ngozi na kuifanya iwe na mawimbi.

Mkia uchongwe kwa kuchora kwanza umbo kwa karatasi ngumu. Kwenye mduara zungusha ngozi, kisu kikae palepale.

Mwisho wa bizimu

Weka alama sentimita 8 kutoka mwisho; hapo ndipo kunjo litakuwa. Kutoka sentimita 1.5 kabla ya alama hadi mwisho kabisa, punguza unene upande wa nyama, kutoka milimita 4 hadi 2. Kisu kilale karibu sawa na ngozi, ukitoa maganda membamba kama ya muhogo mkavu. Ukijaribu kutoa unene wote mara moja, utatokea upande wa pili. Bila kupunguza, kunjo linakuwa nene, bizimu haigeuki, na uso hupasuka.

Tundu la ulimi ni refu: piga panchi ya milimita 5 mara mbili, vituo vya matundu vikiwa na sentimita 2 kati yao, alama ya kunjo ikiwa katikati, kisha unganisha kwa mikato miwili ya kisu. Lowesha hapo kwa kitambaa chenye maji, kunja, bana, acha ikauke. Angalizo moja: ngozi ya magome ikiwa na unyevu, isiguse chuma kisichopakwa. Chuma na magome hufanya doa jeusi-buluu palepale. Juisi ya ndimu hulififisha, hailiondoi lote. (Wenye kutaka mkanda mweusi huitumia siri hiyo hiyo: vyuma vyenye kutu kwenye siki kwa siku kadhaa, unachuja, unapaka.)

Kitanzi cha kushikia mkia ni ukanda wa sentimita 1.2, unene wa milimita 2, urefu karibu sentimita 10. Zungushia kwanza karatasi kwenye tabaka mbili za ngozi ya mkanda ili kupata urefu wenyewe. Ncha zake zikutane bila kupandana, uzishone kwa pindo mbili (pindo ni hatua moja ya uzi, kutoka tundu hadi tundu), na kiungo kifichwe kati ya tabaka ya mbele na ya nyuma.

Kabla ya kushona, maliza kingo zote zitakazofichwa. Ukishafunga, hazifikiki tena.

Mshono wa sindano mbili

Mashine hushona kwa nyuzi mbili zinazoshikana katikati ya ngozi. Mmoja ukikatika, mshono unaanza kufumuka. Kwa mkono ni uzi mmoja wenye sindano kila mwisho, na kila tundu linapitwa mara mbili. Pindo moja likikatika, la jirani bado limeshika.

Mkwaruzo wa njia uwe milimita 4 kutoka ukingoni. Bikari iliyofunguliwa milimita 4, mguu mmoja ukitambaa nje ya ukingo, unachora wenyewe. Nafasi kati ya matundu iwe milimita 5. Alama zipimwe kwa bikari, zisikisiwe kwa jicho. Shona mstari mmoja wa kukingama sentimita 2 kutoka kwenye kunjo, acha nafasi ya kitanzi, kisha mstatili wa karibu sentimita 3 kwa 3. Gundi kidogo kati ya tabaka huzuia kuteleza: kwaruza pande zote mbili, paka nyembamba, subiri dakika 10 mpaka isinate kidoleni, ndipo ubane. Fungua madirisha, na jiko liwe mbali. Mvuke wa gundi hiyo hushika moto.

Uzi kwa mstatili huo, wenye mzunguko wa sentimita 12, ni mita moja. Hesabu yake: mara 5 ya urefu wa mshono, kwa sababu uzi unapita pia ndani ya unene, na sentimita 40 za kushikia sindano. Uburute kwenye nta mara tatu. Kufunga sindano, pitisha uzi tunduni, uchome uzi wenyewe kwa ncha ya sindano mara mbili, sentimita 5 kutoka mwisho, kisha vuta nyuma. Hakuna fundo, kwa hiyo haukwami.

Pitisha sindano moja tundu la kwanza, linganisha pande mbili. Sasa tundu la pili. Msharasi upite ukiwa mraba na ngozi. Ukiinama, upande wa mbele utaonekana mzuri na nyuma mshono utakuwa unayumba kama mlevi. Sindano ya kushoto iingie kwanza, itokee kulia sentimita 3. Weka ya kulia nyuma yake kama msalaba, vuta zote mbili upande wa kulia, kisha geuza mkono na uingize ya kulia kwenye tundu lile lile, nyuma ya uzi uliokwisha kupita. Kabla haijatoka yote, vuta uzi wa kwanza kidogo: ukisogea, salama. Ukigoma, umeuchoma. Rudisha sindano sasa hivi, kwa sababu uzi uliochomwa haukazi na wala haufumuliki.

Kaza mikono yote miwili kwa pamoja, nguvu sawa. Pindo lilale juu ya ngozi, lisizame. Mfuatano usibadilike hata mara moja. Ukianza na kushoto, kila tundu ni kushoto kwanza. Mshono unaoonekana umelala huku na mwingine umelala kule ni wa mtu aliyepigiwa simu katikati ya kazi.

Mwishoni rudi matundu matatu, kata uzi ukiacha milimita 2, yeyusha kwa kiberiti cha gesi na ubonyeze. Uzi wa pamba hauyeyuki, huo utie tone la gundi tunduni.

Kingo, matundu, mafuta

Kata kona kali za ukingo kwa mshazari mdogo, msasa 240, kisha 400, kisha 600. Lowesha kwa kidole chenye maji na sabuni ya kipande, usugue haraka kwa kijiti cha mti mgumu kilichochongwa mfereji. Joto la msuguano ndilo linalofunga nyuzi za ngozi. Maji yakizidi, ukingo unavimba na kumomonyoka. Acha ukauke, rudi kwenye 400. Ukianza kung'aa, pitisha nta na usugue tena kwa kitambaa cha turubai.

Matundu ni matano, panchi ya milimita 4 au 5 kulingana na ulimi, sentimita 2.5 kati ya moja na jingine, yote juu ya mstari wa katikati uliopimwa kwa bikari kutoka kingo zote mbili.

Mafuta ya nazi kidogo kwa kitambaa, mara moja, na uiache usiku kucha kabla ya kuamua kama inataka zaidi. Itakolea rangi. Mafuta mengine ya kupikia hapana, huchacha na kunata. Kwa wanaoishi pwani, mkanda usiuhifadhi kwenye mfuko wa plastiki. Unyevu ukifungiwa humo huleta ukungu. Uning'inize kwa bizimu penye hewa.