Kutibiwa uraibu huku unalala nyumbani: pa kuanzia Arusha na Moshi

Familia ikigundua kijana anatumia dawa za kulevya, wazo la kwanza huwa soba hausi: apelekwe, akae miezi, arudi amepona. Soba ina watu wake, hasa asiye na pa kulala au anayeishi nyumba moja na wauzaji. Mwenye nyumba tulivu na hata mtu mmoja wa kumsimamia anaweza kutibiwa akienda kituoni asubuhi na kurudi kwao.

Kabla ya kutafuta kituo, jueni anatumia nini, maana hilo ndilo linaloamua mlango wa kugonga. Andikeni kwenye karatasi: dawa gani, kete ngapi au misokoto mingapi kwa siku, anavuta au anajidunga, mara ya mwisho ilikuwa lini, ana ugonjwa gani na anameza dawa zipi nyingine. Daktari atauliza hayo yote, na mtu aliye kwenye arosto, yaani mateso ya kukosa dawa aliyoizoea, hayakumbuki vizuri.

Anayekunywa pombe kali kila siku, au anayemeza vidonge vya usingizi kama Valium kwa muda mrefu, asiachishwe ghafla nyumbani. Siku mbili tatu za mwanzo anaweza kupata degedege, kutetemeka na kuona vitu visivyokuwepo, na wengine hufa. Huyo aanzie hospitali, pengine alazwe kwanza, ndipo afuate matibabu ya kutwa. Arosto ya unga, yaani heroini, inatesa zaidi kuliko inavyoua: huanza saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, hupamba moto siku ya pili au ya tatu na kupungua ndani ya wiki. Anayetapika na kuharisha apewe maji ya chumvichumvi ya ORS, kwa sababu kukaukiwa maji ndiko kunakomdhuru.

Arusha, nendeni idara ya afya ya akili ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru. Moshi, nendeni Mawenzi. KCMC ni hospitali ya kanda, kwa hiyo chukueni kwanza barua ya rufaa, hasa kama mnatumia bima. Msipojua pa kuanzia, pigeni 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, muulize mambo mawili: kliniki iliyo karibu nanyi ya methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto ya unga, na asasi inayoandikisha watu wa kupelekwa huko. Asiye na uwezo apite kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali akiwa na barua ya mtendaji wa mtaa.

Methadoni ni ya watumiaji wa unga na jamii yake tu. Mtu wa bangi au mirungi haimsaidii, hata akiililia. Dawa yake ni ushauri nasaha wa mara kwa mara, na daktari aangalie kama kuna sonona au ugonjwa wa akili nyuma yake. Anayekubaliwa kwenye methadoni hunywa dozi mbele ya mhudumu kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Dozi ya kwanza ni ndogo, kwa kawaida haizidi miligramu 30, kisha hupandishwa taratibu. Wengi hutulia kati ya 60 na 120.

Hapo kwenye kupandisha ndipo watu hupotea. Wiki ya kwanza dozi haijatosha, jioni arosto inarudi, naye anaongeza kete juu yake. Methadoni hutoka mwilini polepole, kwa hiyo ya jana bado imo ya leo inapoongezwa. Ukichanganya na unga, pombe au Valium, pumzi hukata usingizini. Wiki mbili za mwanzo asilale peke yake. Akikoroma ajabu, midomo ikawa ya bluu na haamki, mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali. Ipo dawa ya kuzindua, naloksoni. Akikosa siku tatu mfululizo amwambie mhudumu kabla ya kunywa, kwa sababu dozi ya zamani inaweza kumzidi. Akianza dawa za kifua kikuu aseme pia: rifampisini hupunguza nguvu ya methadoni, na arosto ikirudi watu humdhania anadanganya.

Pigeni hesabu ya nauli mapema. Daladala ikiwa shilingi 600 kwenda, ni 1,200 kwa siku, 36,000 kwa mwezi. Wengi huacha kwa sababu hii, si kwa ukaidi. Pesa hiyo akabidhiwe kila asubuhi, isiwekwe mkononi mwake yote.

Kituo kikijiita cha matibabu ya kutwa, ulizeni ni saa ngapi kwa wiki. Kipimo cha Marekani ni angalau saa 9 kwa programu nzito ya kutwa na 20 kwa ile iliyo karibu na kulazwa. Kliniki ya mara moja kwa mwezi haijafika huko. Ikibidi, ungeni wenyewe: kliniki, mshauri kila wiki, kikundi cha waliopata nafuu, na kazi ya saa zinazojulikana. Ulizeni pia cheti cha usajili, nani daktari wao, na wanafanya nini mtu akirudia. Wakijibu kwa minyororo au viboko, ondokeni naye siku hiyohiyo.

Aliyekaa wiki kadhaa bila unga mwili wake umesahau kiasi alichozoea. Kete aliyoimudu zamani inaweza kumuua leo; mwambieni hivyo waziwazi, hata kama mnaamini hatarudia. Akiruhusiwa kwenda na dozi nyumbani, ikae kwenye sanduku la kufuli, mbali na jokofu na meza ya chakula: funda moja linatosha kumuua mtoto.