Mtoto mchanga akisumbuliwa na gesi

Hapa Arua, Uganda, kichanga akilia jioni huku amekunja miguu, utaletewa maji ya majani umnyweshe. Mama, shukuru, lakini usimpe. Hadi miezi 6 maziwa yako yanamtosha.

Mcheulishe kwanza. Mweke wima begani, tegemeza shingo kwa mkono, sugua mgongo taratibu. Kila anapobadilisha ziwa, rudia. Usiharakishe, hewa nyingine hutoka polepole. Bado anajinyonganyonga? Mlaze chali, mchezeshe miguu kama anayeendesha baiskeli, kisha papasa tumbo kwa kufuata mzunguko wa saa.

Kucheua maziwa kidogo ni kawaida. Akitapika kijani, akitoa choo chenye damu, akikataa kunyonya au joto la mwili likifika nyuzi 38 za Selsiasi, mpeleke kituo cha afya, hata usiku.