Kutoa uvumbuzi maabarani hadi sokoni kwa leseni: njia tuliyopita na kijiti cha kupimia unyevu wa mahindi

Mwezi uliopita kampuni moja ya Industrial Area ilitia sahihi leseni ya kutengeneza na kuuza kijiti kilichobuniwa na mhadhiri wa chuo ninakofanya kazi hapa Nairobi. Unakichomeka katikati ya gunia la kilo 90, unahesabu hadi kumi, taa inakuambia kama mahindi yameshuka hadi unyevu wa asilimia 13.5 au bado. Mahindi yakifungwa yakiwa mabichi huota ukungu, ukungu huzaa sumukuvu, na madhara yake Kenya tunayakumbuka: mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Kwa hiyo kila nilipokiona kijiti kile kimelala juu ya kabati, roho iliniuma.

Tangu mhadhiri abishe mlango wa ofisi yetu ya uhamishaji wa teknolojia, inayopeleka uvumbuzi wa chuo sokoni, hadi siku ya sahihi ilipita miaka miwili na ushei. Miezi 11 kati ya hiyo iliishia kwenye hatua ya 2 peke yake. Ndiyo maana nimeiandika kwa urefu, na nyingine nimezipitia haraka.

Hatua ya 1: Jaza fomu ya kufichua uvumbuzi

Kila ofisi ya uhamishaji wa teknolojia inayo. Eleza tatizo, suluhisho, na hasa kipi ni kipya. Ambatisha picha za madaftari ya maabara yenye tarehe. Jioni moja inatosha.

Hatua ya 2: Jua mmiliki ni nani, kwa karatasi

Kila mtu atakuambia, "Hii ni ya chuo." Usikubali mpaka uone karatasi. Mtu wa kwanza kuuliza swali hili kwa uzito huwa ni wakili wa kampuni inayotaka leseni, naye huuliza siku ambayo wewe umeshaanza kusherehekea.

Kwa wafanyakazi, sheria iko wazi kiasi. Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001, kifungu cha 32, inasema uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza mkataba wa ajira ni wa mwajiri, isipokuwa mkataba wenyewe useme vinginevyo. Mhadhiri wetu ni mwajiriwa, kwa hiyo upande wake ulikuwa rahisi. Hata hivyo niliuomba mkataba wake wa ajira nikausoma, na wewe fanya hivyo.

Tabu huanzia kwa wasio waajiriwa. Mwanafunzi wa uzamili si mfanyakazi wa chuo. Analipa karo. Kama hajaandika popote kwamba anahamisha haki zake, sehemu aliyoibuni yeye bado ni yake. Kwenye kijiti chetu, ncha yenye pete tatu za shaba, ile inayogusa punje na bila hiyo kijiti ni waya tu, ilibuniwa na mwanafunzi aliyehitimu miaka mitatu kabla. Jina lake halikuwemo kwenye fomu. Nililikuta kwa bahati, kwenye daftari la maabara, pembeni mwa mchoro: herufi mbili za jina na tarehe. Nilipomuuliza mhadhiri alisema, "Ah, huyo alinisaidia sana." Ukisikia neno "alinisaidia", simama hapo hapo uulize alisaidia nini. Aliyeshika nyundo kwa maelekezo yako si mvumbuzi. Aliyetoa wazo lililofanya kifaa kifanye kazi ni mvumbuzi, hata kama alikaa wiki mbili tu.

Kumtafuta kulichukua miezi minne. Namba ya simu ilikuwa imebadilika, baruapepe ya chuo ilikuwa imefungwa. Mwishowe mwanafunzi mwenzake alituelekeza Eldoret, anakofanya kazi kwenye kiwanda cha unga. Nilisafiri mwenyewe. Sikutuma hati kwa kuria na simshauri mtu yeyote kufanya hivyo, kwa sababu mtu akiletewa karatasi ya kisheria na mgeni, jambo la kwanza analoona ni kwamba anaporwa. Tulikaa kwenye kibanda cha chai karibu na kiwanda. Aliisoma hati ukurasa kwa ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari wa sahihi, akaniuliza: "Dada, nikiweka jina langu hapa, mimi nabaki na nini?"

Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na hati yangu haikuwa na jibu. Ilisema anahamisha haki zote, basi. Nilirudi Nairobi bila sahihi. Tuliiandika upya: jina lake liwemo kwenye ombi la hataza (patent, ulinzi wa kisheria wa uvumbuzi) kama mvumbuzi, na fungu lake la mrabaha, yaani malipo yanayotokana na matumizi ya uvumbuzi, liandikwe kwa asilimia, sawa na sera ya chuo inavyowapa wavumbuzi wengine. Safari ya pili alitia sahihi. Ningeenda na hati hiyo mara ya kwanza ningeokoa wiki sita, lakini la maana zaidi ni kwamba alistahili kuipata mara ya kwanza.

Mwanafunzi si wa pekee. Kagua na haya:

Fedha za mfadhili. Soma mkataba wa ruzuku hadi viambatisho. Wafadhili wengine wanadai leseni ya bure kwa matumizi ya umma, wengine wanataka waarifiwe kabla hujampa mtu leseni ya kipekee, yaani ya mtu mmoja tu. Wetu alitaka taarifa ya maandishi siku 60 kabla. Hakuna aliyekuwa anajua.

Vifaa na sampuli za watu. Kama ulipokea mbegu, kimelea, seli au data kutoka maabara nyingine, kuna karatasi uliyosaini, na mara nyingi inasema "kwa utafiti pekee". Biashara inahitaji ruhusa mpya.

Programu za kompyuta. Fundi wetu alikuwa amechukua sehemu ya msimbo wa taa kutoka intaneti, yenye leseni ya wazi inayomlazimu anayesambaza bidhaa kutoa msimbo wake wote hadharani. Kampuni isingekubali. Tuliuandika upya kwa siku tisa. Muulize fundi mapema, kwa upole, maana yeye hakufanya kosa lolote kwa kazi ya utafiti.

Mhadhiri aliyefanya kazi akiwa kwingine. Likizo ya utafiti, ushauri wa kulipwa, ukaaji chuo cha nje. Huko nako kuna mikataba.

Mimi hutumia jedwali moja tu: safu ya kwanza jina la kila aliyegusa kazi, ya pili alichochangia, ya tatu alikuwa nani wakati huo (mwajiriwa, mwanafunzi, mgeni), ya nne karatasi iliyopo, ya tano karatasi inayokosekana. Safu ya tano ikiwa tupu, ndipo unaenda mbele. Kuna programu za kulipia za kusimamia haya. Kwa uvumbuzi chini ya 50 sizioni faida yake. Jedwali linafunguka kwenye kompyuta ya kila mtu.

Na kuanzia sasa, wanafunzi wasaini siku wanayoingia maabarani, si siku kampuni inapobisha hodi.

Hatua ya 3: Funga mdomo hadi ombi liwasilishwe

Hataza hutolewa kwa kitu kipya, na kitu ulichokitangaza si kipya tena. Watafiti wengi wanajua kuhusu makala ya jarida. Wanayosahau ni bango la kongamano, maonyesho ya Jamhuri, video ya simu iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp, na tasnifu. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotupata. Tasnifu ya mwanafunzi wetu ilikaa maktaba imefungiwa kwa muda mrefu, kisha maktaba ikahamishia kila kitu kwenye hazina yake ya mtandaoni, mchoro wa ncha ukiwa wazi kwa dunia nzima. Tuligundua baada ya miezi saba.

Sheria ya Kenya inakupa miezi 12: ukichapisha mwenyewe kisha ukawasilisha ombi ndani ya mwaka huo, chapisho lako halihesabiki dhidi yako. Marekani nayo ina mwaka. Ulaya haina huruma hiyo kwa chapisho lako mwenyewe, kwa hiyo Ulaya tuliipoteza. Kwa kipimo cha mahindi si msiba. Kwa dawa au chanjo ingekuwa msiba.

Ukilazimika kuzungumza na mtu wa nje kabla ya ombi, asaini kwanza mkataba wa kutunza siri. Na usimpe maelezo ya jinsi kinavyofanya kazi, mpe kinachofanya.

Hatua ya 4: Peleka ombi KIPI

KIPI ni taasisi ya serikali ya Kenya inayosajili mali ya viwandani, zikiwemo hataza. Hataza hulindwa miaka 20 tangu kuwasilisha ombi. Kwa kifaa kidogo ambacho ni kipya lakini si cha kustaajabisha kitaalamu, uliza kuhusu ile ndogo, modeli ya matumizi, yenye miaka 10. Naipenda kuliko watafiti wengi wanavyoipenda, kwa sababu haidai hatua ya uvumbuzi (yaani wazo lisilo dhahiri kwa mtaalamu wa fani hiyo), na vifaa vingi vya kilimo vinavyotoka vyuoni kwetu vinaiva sokoni na kuchuja ndani ya miaka hiyo.

Ukitaka nchi nyingine, una miezi 12 tangu ombi la kwanza kudai tarehe yako. Kwa njia ya PCT, mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza, unaweza kusogeza uamuzi wa nchi zipi hadi mwezi wa 30, muda unaotosha kumpata mshirika atakayelipa gharama hizo. ARIPO ya Harare, shirika la mali ya ubunifu la kanda ya Afrika, inakuwezesha kutaja Uganda na Tanzania kwenye ombi moja.

Maelezo ya ombi mpe wakala wa hataza aandike. Usiandike mwenyewe.

Hatua ya 5: Tafuta mshirika anayejua kazi yenyewe

Hapa watu hutuma baruapepe 40 zenye kiambatisho cha kurasa 20. Sijawahi kuona ikizaa kitu. Andika ukurasa mmoja usio na siri: tatizo, kifaa kinafanya nini, kimepimwa wapi, unatafuta nini. Kisha beba kifaa uende nacho.

Na tafuta mtu ambaye tayari anauza kwa wateja wale wale. Tazama icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Kasarani: kuvu wao Metarhizium anisopliae, aina ya ICIPE 69, alifika kwa wakulima kwa jina la Campaign kupitia Real IPM ya Thika. Kampuni hiyo ilikuwa tayari kwenye biashara ya kudhibiti wadudu kwa viumbe hai. Kumfundisha mgeni biashara nzima ni kazi ya miaka.

Sisi tulizunguka na gunia halisi ndani ya gari. Ofisi tatu zilitukarimu kwa chai na kutuaga. Ya nne, msimamizi wa karakana alikichukua kijiti, akakichomeka, akakichomoa, akakigonga ukingoni mwa meza, akakichomeka tena. Akasema, "Shingo hii itavunjika msimu mmoja." Nilijua tumempata. Anayekuambia kasoro anafikiria jinsi ya kukitengeneza.

Hatua ya 6: Usikimbilie leseni, anza na mkataba wa majaribio

Ukipima kwa ngazi 9 za utayari zilizoanzia NASA, teknolojia nyingi za vyuo ziko ya 3 au ya 4: inafanya kazi maabarani, mbele ya aliyeibuni. Kampuni haiwezi kuahidi mrabaha juu ya kitu hicho, na ikiahidi usiamini. Mkataba wa majaribio wa miezi sita hadi 12 unaipa kampuni nafasi ya kukijaribu, kwa ada ndogo, na wakati huo humpi mtu mwingine. Ada iwepo hata ikiwa ndogo. Anayelipa hupanga siku ya kukijaribu. Andika humo pia nani atamiliki maboresho. Shingo mpya ya kijiti ilibuniwa karakanani kwao, na kwa kuwa tulikuwa tumeandika, hatukugombana.

Hatua ya 7: Leseni yenyewe

Mimi hupendelea leseni ya kipekee, yenye mipaka ya nchi na matumizi, na yenye malengo. Kampuni ndogo haitanunua kalibu za kufyatulia plastiki kama jirani anaweza kupewa leseni ile ile kesho. Lakini iwe na masharti: mwaka wa kwanza vifaa kadhaa, wa pili zaidi, wasipofikia upekee unaondoka. Bila hivyo teknolojia inahama kutoka kabati lako kwenda kabati lao.

Mrabaha usiuhesabu kwenye faida. Kampuni inaweza kuuza mwaka mzima na vitabu visionyeshe faida. Uhesabu kwenye mauzo, na ueleze bei ni ipi. Tuseme kijiti kinatoka kiwandani kwa shilingi 2,500, vinauzwa vijiti 4,000, mrabaha ni asilimia 3: chuo kinapata 300,000, na mlipaji anakata asilimia 5 ya kodi ya zuio. Sasa tuseme wanakiuza kwanza kwa kampuni yao dada kwa 1,200 na mkataba haukusema lolote. Mrabaha umeshuka hadi 144,000 kwa vijiti vile vile. Sentensi moja inaziba pengo hilo: bei ya kwanza kwa mnunuzi asiye na uhusiano na kampuni.

Weka pia haki ya kukagua vitabu, kiwango cha chini cha malipo ya mwaka, nani analipia ada za hataza, na ruhusa ya watafiti wako kuendelea kufanya utafiti na kufundisha.

Hatua ya 8: Sajili na ufuatilie

Peleka mkataba uliosainiwa KIPI usajiliwe. Weka tarehe za ada za kila mwaka za hataza kwenye kalenda za watu wawili, kwa sababu mmoja atahama kazi, na ada isipolipwa hataza hufa. Kisha tembelea kiwanda kila robo mwaka.

Nilienda wiki jana. Vijiti 60 vya kwanza vilikuwa vimepangwa kwenye kreti, na msimamizi alikuwa akikunja shingo ya kila kimoja kwa mkono kabla ya kukifunga. Nilimpigia simu yule dada wa Eldoret nikamwelezea. Aliniomba nimtumie picha ya ncha.