Dira ya mwamba: kuiandika na kuihuisha shehia nzima

Kabla shehia (eneo dogo la utawala Zanzibar, chini ya sheha) haijafunga mwamba wa pweza, yaani kusimamisha uvuvi hapo kwa muda, wanaoutumia wakubaliane kwanza wanautakia nini. Makubaliano hayo ndiyo dira. Siku ya mkutano tafuteni kwa kuhesabu mwezi. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, wachokoa pweza na wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, wako pwani. Mkiita watu siku hizo mtapata wazee wa baraza tu. Iteni siku za maji mafu, maji yasipokupwa sana, baada ya alasiri. Chai na mandazi vinatosha. Aliyezoeshwa posho haji tena mradi ukiisha.

Gaweni makundi ya watu sita hadi wanane: pweza, mwani, nyavu, boti za watalii. Wanawake waanze peke yao, maana wakichanganywa mapema wenye nyavu husema hadi magharibi. Wavuvi wa dago, wageni wanaopiga kambi kwa msimu, nao waitwe; asiyeambiwa kitu hawezi kulaumiwa akiingia mwamba uliofungwa. Swali liwe moja: mtoto aliyezaliwa mwaka huu akianza skuli, aikute pwani ikoje? Sheha na mtu wa mradi wanyamaze mpaka makundi yamalize. Mfadhili akitangulia kusema "uhifadhi", mtaletewa "uhifadhi" na makundi yote.

Majibu yaandikwe kwenye karatasi kubwa na kusomwa kwa sauti. Kila mtu apewe komwe (kete za bao) tatu aweke juu ya anayoyataka. Matatu au manne yaliyopata komwe nyingi ndiyo dira, isiyozidi maneno thelathini. Futeni lisilopimika. "Maisha bora kwa wote" halina mizani. "Pweza wa chini ya nusu kilo asivuliwe" linayo, pale dikoni samaki wanaposhushwa.

Kuihuisha ni rahisi zaidi mkiiambatanisha na kufungwa na kufunguliwa kwa mwamba wenyewe. Pweza hukua haraka, ndiyo maana hata miezi mitatu ya kufunga huonekana kwenye uzito. Siku ya kufungua, pimeni na muandike. Maji mafu yanayofuata, someni dira, na kila jambo lipewe jibu: limetimia, bado, au halitakiwi tena. Kuiandika upya kabisa kungoje miaka mitatu, isipokuwa imejengwa hoteli mpya au mwani umekufa kwa joto. Mkisikia watu wanadai dira mpya mara tu baada ya mauzo, fungueni kwanza daftari la fedha. Mara nyingi wanachodai ni hesabu.

Nakala moja ikae kwa sheha, nyingine ibandikwe dikoni pasipovuja, na wa dago wasomewe wanapofika.