Kogi Anayeuma Visigino: Namna ya Kujua Sababu na Kumtuliza

Watu wengi wa Nairobi walimjua kogi kupitia picha za Malkia Elizabeth II, wakamchukulia kuwa mbwa wa zulia na sofa. Akishafika nyumbani, iwe Kileleshwa au Syokimau, haipiti miezi mingi kabla hajaanza kuwakimbiza watoto na kuwang'ata visigino, kumbwekea kila mwendesha boda boda, na kumngurumia dada anayekuja kuokota bakuli lake. Hapo ndipo anapoitwa mkali, na akishaitwa hivyo hufungiwa bandani mchana kutwa au hutafutiwa mwenyewe mwingine. Hukumu hiyo hutolewa kabla mtu hajauliza: anauma kwa nini? Sababu za kogi kuuma hazifanani, na kinachotibu moja kinaweza kuichochea nyingine.

Kazi aliyozaliwa nayo

Kogi tunayemzungumzia hapa, Pembroke Welsh Corgi, ni mbwa wa kuswaga ng'ombe kutoka Wales. Kimo chake begani ni sentimita 25 hadi 30, na mwenye afya huwa na uzito wa kilo 10 hadi 13 hivi. Ndugu yake, kogi wa aina ya Cardigan, ana mkia mrefu na mwili mkubwa kidogo. Huko Uingereza wawili hao walihesabiwa kuwa mbegu moja hadi 1934. Kogi huja nyuma ya ng'ombe, humng'ata kisigino, kisha hujilaza upesi ili teke lipite juu yake. Ufupi wa miguu yake unamfaa kwa kazi hiyo.

Kutokana na kazi hiyo utaelewa mengi yanayowashangaza wenye kogi. Kinachokimbia humwamsha. Sauti yake ni kubwa kuliko mwili wake kwa sababu kubweka ni sehemu ya kuswaga. Hatishwi na ukubwa wa mnyama au mtu. Tena hujiamulia, maana mbwa anayengoja amri huku ng'ombe akigeuka ameshachelewa.

Shida ni kwamba Nairobi tumezoea kufuga mbwa wa ulinzi: mchana bandani, usiku anafunguliwa, na langoni kibao cha "Mbwa Kali". Kogi akilelewa hivyo huharibika. Anakosa kazi, anakosa watu, na nguvu zote anazitoa kwa kubwekea uwazi ulio chini ya lango.

Anza na daftari

Kabla ya kumfundisha lolote, andika kwa wiki mbili kila tukio la kubweka kwa hasira, kunguruma, kujaribu kuuma au kuuma. Andika saa, mahali, nani alikuwepo, mtu huyo alikuwa anafanya nini hasa, mbwa alikuwa na nini karibu (chakula, mfupa, kitanda, mtu anayempenda), na alikuwa amelala saa ngapi siku hiyo. Mwombe dada na askari wa lango nao waandike au wakuambie, kwa kuwa wao ndio wanaoshinda na mbwa. Baada ya siku 14 utaona matukio yakijirudia mahali pamoja au kwa mtu mmoja. Bila rekodi hiyo kila mtu nyumbani atakuwa na hadithi yake.

Soma pia mwili. Kogi wengi hawana mkia, wengine kwa kuzaliwa na wengine kwa kukatwa, kwa hiyo alama ambayo watu hutegemea zaidi haipo. Tazama hizi, kwa mpangilio ambao mara nyingi hutokea: anageuza uso pembeni, analamba pua au kupiga miayo ilhali hana usingizi, masikio yanalala nyuma na mdomo unafungwa, weupe wa jicho unaonekana pembeni kama mwezi mwandamo, mwili mzima unaganda. Kuganda ndiyo alama muhimu kuliko zote, na kunaweza kuchukua sekunde moja tu. Kisha hunguruma, huuma hewa, halafu huuma mwili.

Usimwadhibu mbwa kwa kunguruma. Tunalisisitiza hili kuliko jambo lingine lolote. Kunguruma ni onyo, na mbwa anayepigwa au kukaripiwa kila anapoonya hujifunza kunyamaza; hofu yake haipungui. Ndiye atakayesemwa baadaye kuwa "aliuma ghafla". Akinguruma, acha unachofanya, mpe nafasi, kiandike daftarini.

Kung'ata kwa kuswaga

Huku si kuuma kwa hasira. Utakutambua hivi: hutoka nyuma, hulenga kisigino au pindo la suruali, humlenga anayekimbia, mdomo huachia mara moja, na masikio yamesimama. Mbwa anafurahia. Hata hivyo kunaumiza, na mtoto wa miaka minne akianguka anaweza kugongwa uso, kwa hiyo usikuache kwa kisingizio kwamba ni mchezo.

Kinachokuza tabia hii ni mbio na kelele. Mtoto akipiga yowe na kukimbia, kogi amepata ng'ombe wake. Wafundishe watoto kusimama wima, mikono kifuani, macho juu, bila kusema neno. Mazoezi ya kwanza yafanyike mbwa akiwa hayupo. Wakati watoto wanacheza mpira, kogi awe ndani na kitu cha kutafuna au awe kwenye kamba ya mita tano mikononi mwa mtu mzima. Kila anapofaulu kukimbiza ni zoezi moja zaidi la tabia usiyoitaka, ndiyo maana kuzuia kunakuja kabla ya kufundisha.

Kisha mpe kazi mbadala. Chukua fimbo ndefu, funga kamba, na mwisho wa kamba funga kitambaa. Burura kitambaa chini kwa mduara. Kabla hajaruhusiwa kukikimbilia, lazima alale chini. Akikishika, mwambie "achia", umpe kipande cha ini, aanze tena. Dakika tano asubuhi na tano jioni zinatosha. Kitambaa kisinyanyuliwe hewani: mgongo wa kogi ni mrefu na diski zake, yaani mito laini iliyo kati ya pingili za uti wa mgongo, huumia kwa kurukaruka na kujipinda. Faida kubwa ya mchezo huu ni kwamba anajifunza kusimama katikati ya msisimko, jambo ambalo matembezi pekee hayamfundishi.

Amri ziwe za lugha moja. Mara nyingi mwenye mbwa anaamuru kwa Kiingereza, dada kwa Kiswahili, na watoto kwa Sheng, kisha mbwa analaumiwa kwa ukaidi. Chagueni maneno manne, kama "njoo", "achia", "lala" na "kitandani", muyaandike na kuyabandika jikoni.

Boda boda, lango na hofu ya wageni

Kogi anayebwekea boda boda huona kwamba mbinu yake inafaulu: anabweka, pikipiki inaondoka. Hajui kwamba ingeondoka vyovyote. Langoni mambo ni yale yale kwa kila mpita njia. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni ya fundi: ziba uwazi wa chini ya lango kwa ubao au bati la kimo cha sentimita 50, ili asiweze kuona nje, na usimwache uani peke yake saa ambazo barabara ina watu wengi.

Kisha fanya mazoezi ya umbali. Chemsha ini la ng'ombe, likate vipande vya ukubwa wa punje ya haragwe, uweke vipande 40 hivi mfukoni. Nenda mahali unapoweza kuona stendi ya boda boda ukiwa mita 20 au 30 kando. Mbwa akiiona pikipiki, hesabu moja, kisha mpe ini. Pikipiki ikipotea, ini linakoma. Endelea kwa dakika tano hadi kumi, urudi nyumbani. Fanya hivyo mara tatu au nne kwa wiki. Sogea mita mbili mbele pale tu anapoanza mwenyewe kukugeukia baada ya kuiona pikipiki, tena kwa vipindi vitatu mfululizo.

Makosa hapa ni mawili. La kwanza ni mpangilio: ukitoa ini kabla ya pikipiki kuonekana, mbwa hujifunza kwamba ini ni ishara ya jambo baya linalokuja, na ataanza kulikataa. La pili ni kusogea haraka. Mbwa anayebweka, au anayekataa chakula anachokipenda, ameshapita kiwango anachoweza kustahimili. Rudi nyuma mita kumi. Kumshikilia hapo hapo "azoee" huongeza hofu.

Msitu wa Karura unafaa kwa hatua za baadaye, na huko mbwa lazima awe kwenye kamba. Ila Jumamosi asubuhi, baiskeli na wakimbiaji ni wengi mno kwa kogi anayeanza. Nenda siku ya kazi.

Kwa mtoto wa mbwa, kinga ni rahisi kuliko tiba. Dirisha la kuzoea dunia hufunguka wiki ya tatu hivi ya umri na kuanza kufunga karibu na wiki ya 14. Chanjo zinakuwa hazijakamilika, na pavo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa kwa kuharisha, ipo mjini, kwa hiyo mbebe: mwonyeshe askari mwenye sare, mtu mwenye kofia ya pikipiki, mwavuli, buibui, watoto wa shule, sauti ya matatu. Asiguswe na kila mtu. Aone na kula. Usichukue mtoto wa mbwa chini ya wiki nane, na usinunue anayeuzwa kando ya barabara bila mama yake kuonekana. Mama mwenye hofu huzaa na kulea watoto wenye hofu.

Chakula na mifupa

Kogi ni mlafi. Kulinda bakuli ni jambo la kawaida kwake, na watu hulikuza kwa kumnyang'anya chakula ili "ajue nani mkubwa". Anachojifunza ni kwamba mtu akikaribia, chakula hupotea. Fanya kinyume: anapokula, pita umbali wa mita mbili, rusha kipande cha nyama kilicho kitamu kuliko kilichomo bakulini, uondoke bila kusimama. Mara tano kwa mlo, kwa wiki nzima, kisha punguza umbali kidogo kidogo. Akiwa na kitu asichopaswa kuwa nacho, badilishana naye. Watoto wasihusike kabisa na mazoezi haya, na mifupa ailie mahali pake peke yake. Vipande vyote vya mazoezi visizidi asilimia 10 ya chakula cha siku. Punguza bakulini kile ulichotoa mfukoni. Mbavu zake uzihisi kwa vidole bila kukandamiza.

Maumivu

Kogi aliyekuwa mpole akianza kuuma anapobebwa, anapochanwa manyoya au anapoguswa nyonga, mafunzo yasubiri. Nenda kwa daktari wa mifugo. Mifupa yao mifupi huambatana na diski za uti wa mgongo zinazozeeka mapema. Angalia kukataa ngazi, mgongo uliopinda, kutetemeka, miguu ya nyuma inayoburura. Kuburura miguu ni dharura ya siku hiyo hiyo. Masikio, meno, na homa ya kupe, ambayo ni ya kawaida Nairobi, nazo humfanya mbwa asitake kuguswa, kwa hiyo omba kipimo cha damu. Ukihitaji uchunguzi zaidi, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete.

Kumbeba kuna namna yake: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, mgongo ulale sawa. Kumnyanyua kwa makwapa kama mtoto humuumiza, na wengi huumwa hapo.

Kuhasi hakuponyi hofu wala kulinda chakula. Kola za umeme na za miiba zinaweza kunyamazisha kubweka kwa siku chache, lakini mbwa akiumizwa kila anapoona mtoto, atamhusisha mtoto na maumivu.

Akishauma

Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama ni mchubuko, kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kipo Kenya, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu kila mara huua. Beba kadi ya chanjo ya mbwa. Chanjo hiyo hurudiwa kila mwaka. Usimuue wala kumpa mtu mwingine: anapaswa kutengwa na kutazamwa kwa siku 10, na daktari wa mifugo ajulishwe.

Ikiwa mbwa wawili wanapigana, jambo linalotokea hasa kwa majike wawili wa nyumba moja, usiweke mkono kati. Mwaga ndoo ya maji au sukuma ubao kati yao, kisha uwatenganishe kwa vyumba kwa siku kadhaa.

Mfundishe kuvaa kikapu cha mdomo mapema, kabla hajahitaji. Kiwe cha kumwezesha kuhema kwa mdomo wazi na kunywa maji. Weka ini ndani, aingize pua mwenyewe, atoe. Siku tatu hivyo, bila kufunga mkanda. Kisha funga kwa sekunde mbili, tano, ishirini. Ikiwa ameuma mtu uso, ametoboa ngozi mara zaidi ya moja, au ameuma bila alama yoyote unayoweza kuitambua, mvalishe kikapu hicho kila mgeni anapokuja na umtafute daktari wa mifugo anayeelewa tabia kabla ya kuendelea na mazoezi peke yako.