Flashi ya mkono jioni ya ziwani: anga kwanza, uso baadaye

Somo hili ni la flashi ndogo unayoipanga mwenyewe kwa nguvu ya 1/1, 1/2, 1/4 na kuendelea, isiyopima chochote kupitia lenzi. Kamera iwe kwenye M, yaani unapanga kila kitu mwenyewe. Mfano wetu ni maharusi Kapripoint, ufukweni Mwanza, jua likizamia ng'ambo ya maji, maana hapo ndipo wengi hurudi na nyuso nyeupe pee na anga jeusi.

Picha ya namna hii ina mianga miwili. Mwanga wa anga unatii shata (muda kamera inaobaki wazi), tundu la lenzi (f) na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga). Mwanga wa flashi hautii shata, kwa sababu mmweko unaisha kabla shata haijaanza kufunga. Basi shata ni ya anga, nguvu ya flashi ni ya uso. Tundu na ISO vinagusa vyote viwili, kwa hiyo ukishavipanga usivichezee ovyo.

Hatua ya 1: ijue namba ya flashi yako, yaani ukali wake: f mara umbali kwa mita. Ya kwenye boksi isikudanganye. Flashi ya YN560 III imeandikwa 58, lakini hiyo ni zumu ya flashi ikiwa milimita 105; kwa 35 inashuka sana. Pima mwenyewe usiku, nje, mbali na kuta zinazorudisha mwanga. Weka ISO 100, zumu 35, nguvu 1/1, mtu asimame mita 2 kutoka kwenye flashi. Piga kwa f/8, f/11, f/16 na f/22, kisha chukua f iliyotoa uso vizuri uizidishe kwa 2. Ikiwa ni f/16, namba yako ni 32.

Hatua ya 2: andika jedwali kwenye plasta na uibandike mgongoni mwa flashi. Kila ukipunguza nguvu nusu, gawa namba kwa 1.4: 1/1 ni 32, 1/2 ni 22, 1/4 ni 16, 1/8 ni 11, 1/16 ni 8. Ukipanda ISO 400, zidisha zote mara mbili.

Hatua ya 3: zima flashi, panga anga. Dakika kama kumi baada ya jua kuzama, anzia ISO 400, f/5.6, shata 1/125. Anga lionekane na rangi yake. Watu wakiwa weusi kama kivuli, uko sawa.

Hatua ya 4: washa flashi. Zidisha f kwa umbali: 5.6 mara mita 4 ni 22. Kwa ISO 400, 22 iko kwenye 1/8. Weka hapo, piga.

Umbali ni wa kutoka kwenye flashi hadi usoni. Ikiwa flashi iko kwenye stendi, kamera yako hata ikirudi nyuma hadi majini, hesabu haibadiliki. Lakini mtu akitoka mita 2 akaenda 4, anapata robo tu ya mwanga, na hapa ndipo picha nyingi huharibika. Funga kamba yenye fundo kila mita, uache kukisia.

Hatua ya 5: giza linakuja haraka huku kwetu, karibu na ikweta. Shusha shata tu, 1/60, kisha 1/30. Nyuso zitabaki vilevile. Tazama pia gauni jeupe kwenye histogramu (grafu ya mwanga ya kamera): likigonga ukuta wa kulia, punguza flashi hatua moja, yaani nusu ya nguvu, hata kama uso unapendeza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, upande mmoja wa picha unatoka mweusi kama umefunikwa ubao.
Jibu: Shata yako ina kasi kuliko flashi inavyoruhusu. Pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufunguka. Kamera nyingi zinaishia kati ya 1/160 na 1/250. Shuka hadi 1/125 ujaribu.

Swali: Saa saba mchana ufukweni, kofia zinaficha macho. Flashi inasaidia?
Jibu: Sana. ISO 100, 1/200, f/11, flashi mita 2 kwa 1/4. Kwa namba ya 32, flashi inakuwa hatua moja chini ya jua, na kivuli kinalegea bila kupotea.

Swali: Ukumbini naelekeza flashi darini, nyuso zinakuwa kijani.
Jibu: Dari imepakwa rangi, dada, na mwanga unaibeba. Tafuta ukuta mweupe. Hesabu umbali wa kwenda na kurudi, kisha ongeza hatua mbili au zaidi za nguvu.

Swali: Nikipiga mfululizo, picha ya tatu ni giza.
Jibu: Taa ya "tayari" huwaka kabla flashi haijajaa kabisa. Panda ISO 400 utumie robo ya nguvu, na weka betri nne za kuchaji za aina moja, zilizochajiwa pamoja.

Swali: Vidoa vyeupe vya duara vimejaa hewani, nimesafisha lenzi bila mafanikio.
Jibu: Ni wadudu wa ziwani. Wanaopita sentimita chache mbele ya flashi wanapata mwanga mwingi kuliko maharusi. Toa flashi juu ya kamera, iweke kwenye stendi mita moja au mbili pembeni, na usiwashe taa nyingine karibu na lenzi.